Daktari wa Wanyama Anajibu: Upele, Ukurutu na Wadudu wa Masikioni

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: mbwa na paka wanaojikuna hadi kutoka damu, manyoya yanayonyonyoka mabaka mabaka, na wenye nyumba ambao wamekwisha kujaribu kila walichoelekezwa na jirani. Wanaoleta shida hii kwa sehemu kubwa ni wadudu wenye miguu minane, wa ukoo mmoja na kupe na buibui, lakini wadogo kiasi kwamba wengi wao hawaonekani kwa macho matupu. Kwa kuwa kila aina ina tabia yake, na dawa iliyomponya mnyama wa jirani inaweza kumuua wa kwako, nimeona afadhali nizijibu barua moja moja.

*Daktari, shikamoo. Mbwa wetu wa ulinzi, dume la miaka minne, alipotea usiku mmoja akarudi asubuhi, na wiki kadhaa baadaye akaanza kujikuna. Sasa kingo za masikio yake zimeota magaga, viwiko vimebaki ngozi tupu, na halali usiku. Mimi na mwanangu mdogo, anayependa kumkumbatia, tumetokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Je, ametuambukiza, na je, inatubidi tumwondoe? Msomaji, Arusha.*

Marahaba. Kwa dalili ulizoeleza, ninachokishuku kwanza ni upele unaoletwa na mdudu aitwaye sarkoptesi, na huo si ugonjwa wa kumfukuzia mbwa. Jike la mdudu huyu, ambaye urefu wake haufiki nusu milimita, huchimba njia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5, na katika muda wa wiki 2 hadi 3 kizazi kipya huwa kimekomaa na kuanza kutaga. Mwasho wenyewe hautokani na kuchimbwa tu. Mwili wa mbwa hupata mzio wa mate, mayai na kinyesi cha mdudu, na ndiyo sababu mbwa mwenye wadudu wachache kabisa anaweza kukesha akijikuna. Sarkoptesi hupenda mahali penye manyoya haba, yaani kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo, na sehemu mbili za kwanza umezitaja mwenyewe.

Lipo jaribio unaloweza kulifanya hapohapo nyumbani. Shika ukingo wa sikio la mbwa, ukunje, kisha uusugue taratibu kwa vidole kwa sekunde chache. Mbwa wengi wenye upele wa aina hii huinua mguu wa nyuma wa upande uleule na kuanza kuukunisha hewani, bila wao wenyewe kukusudia. Hilo halitoshi kuwa uthibitisho, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye ataikwangua ngozi kwa wembe mpaka damu itokeze kidogo, aweke makwangulio juu ya kioo chenye tone la mafuta na kuyatazama kwa hadubini. Mdudu huyu ni mgumu kupatikana. Mbwa anaweza kukwanguliwa mahali kadhaa pasionekane hata mmoja, na daktari mzoefu akaamua kutibu kwa kufuata dalili. Mkiambiwa kwamba hakuna kilichoonekana lakini matibabu yataanza, msidhani mnababaishwa.

Kuhusu ninyi wawili, inaelekea kweli vipele vimetoka kwa mbwa. Hata hivyo sarkoptesi wa mbwa hawezi kukamilisha mzunguko wake wa maisha katika ngozi ya binadamu, hivyo mwasho wenu utaisha wenyewe katika wiki chache mara chanzo kitakapotibiwa. Ukiendelea baada ya hapo, au vipele vikiingia katikati ya vidole na kuwapata watu wa nyumbani wasiomgusa mbwa, nendeni zahanati, kwa sababu upele wa binadamu una mdudu wake, aliye ndugu wa karibu wa huyu, na dawa yake ni nyingine. Ukoo huu wa wadudu una historia ya kuvuka mipaka: mwaka 1996, katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, gorila wa milimani walipatwa na upele, mtoto mmoja akafa, na wenzake wakaponywa kwa ivermektini baada ya kuhudumiwa na timu ya Dakta Gladys Kalema-Zikusoka. Shuku iliwaangukia watu walioishi kando ya msitu na nguo zao.

Mbwa wote wanaoishi pamoja na huyo wenu watibiwe siku moja, hata wale wasiojikuna, kwa kuwa dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya maambukizi. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na yale yasiyofulika yachomwe. Nje ya mwili wa mnyama mdudu huyu kwa kawaida huishi siku chache tu, ingawa mahali penye ubaridi na unyevu huweza kuvumilia zaidi. Kwa hali ya hewa ya kwenu ningeliacha banda la zamani bila mbwa kwa wiki tatu. Muhimu kuliko yote, msiache dawa siku mwasho unapopungua. Nafuu huja mapema, lakini mayai yaliyobaki ndani ya ngozi huanguliwa baadaye, na mbwa aliyetibiwa mara moja kwa dawa isiyodumu mwilini hurudi kujikuna kabla ya mwezi kwisha.

*Ninafuga mbwa wawili na ng'ombe wachache. Mzee mmoja hapa kwetu alinishauri niwapake mbwa oili chafu ya gari, na kusema kweli mmoja alipata nafuu. Muuzaji wa agroveti ananiambia nitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe, au niwadunge ivermektini ileile ninayowadunga mifugo. Nifuate lipi? Mfugaji, Nakuru.*

Oili chafu uiache leo. Ninaelewa kwa nini imepata wafuasi: hulainisha ngozi iliyokauka na kuwaziba pumzi baadhi ya wadudu walio juu juu, kwa hiyo kwa siku chache mnyama huonekana ametulia. Lakini oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina risasi na metali nyingine pamoja na masalia ya petroli, na mbwa hulamba kila anachopakwa. Kinachoingia tumboni huharibu ini na figo, na kinachovutwa puani wakati wa kujilamba huweza kuleta homa ya mapafu. Nimewaona mbwa walioletwa kliniki kwa ajili ya upele ambao tulilazimika kwanza kuwatibu sumu ya dawa ya upele. Mafuta ya taa nayo nayaweka katika kundi hilohilo.

Dawa za ng'ombe ni suala jingine, kwa sababu dawa zenyewe ni halisi na zinaua wadudu. Hatari iko kwenye kipimo. Chukua chupa yako ya ivermektini usome kibandiko. Nyingi zina nguvu ya asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita, na maelekezo yake ni mililita 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Mbwa mdogo wa kilo 5, kwa hesabu hiyohiyo, angestahili sehemu moja ya kumi ya mililita, kiasi ambacho bomba kubwa la sindano la kudungia ng'ombe haliwezi hata kukipima. Mtu anayekadiria kwa jicho akamdunga mililita moja nzima amempa mara kumi. Matokeo yake ni mboni za macho kutanuka, udenda, kuyumba, upofu wa muda, na pengine mbwa kuzimia, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Daktari anachoweza ni kumhifadhi mbwa na kusubiri.

Kuna na mbwa ambao hata kipimo sahihi cha kutibu upele huwadhuru. Mbwa wa aina ya Collie na wengi wa jamii ya mbwa wachunga kondoo, wakiwamo baadhi ya mbwa wa Kijerumani na machotara wao, wamerithi kasoro ya jeni ambayo huiacha ivermektini ipenye hadi kwenye ubongo. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2001, na tangu hapo swali la kwanza la daktari makini kabla ya kuidunga ni asili ya mbwa, na la pili ni uzito wake kwenye mizani. Jambo hili haliipunguzii ivermektini heshima yake, kwani asili yake ni bakteria wa udongo wa Japani na waliohusika na ugunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa manufaa yake kwa binadamu.

Dawa ya josho aliyokutajia muuzaji huenda ni amitrazi, ambayo madaktari wamekuwa wakiitumia kwa mbwa kwa miaka mingi. Ile yenye asilimia 12.5 huchanganywa kwa mbwa kwa kiasi cha mililita 2 katika lita moja ya maji safi, ichanganywe wakati wa kutumika na itakayobaki imwagwe mbali na maji na mifereji, kwa kuwa iliyolala huharibika na kuwa kali zaidi. Vaa glavu, fanyia kazi mahali penye hewa, usimkaushe mbwa kwa taulo, wala usimruhusu ajilambe kabla ya kukauka. Mtu mwenye kisukari asiishughulikie kabisa, watoto wa mbwa wasio na miezi minne wasiogeshwe nayo, na paka asiikaribie kamwe. Mbwa akisinzia kupita kawaida na mwili wake ukapoa baada ya kuogeshwa, msuuze kwa maji mengi na kumkimbiza kwa daktari, ambaye kwa sumu hii anayo dawa ya kuituliza.

Kama mfuko unaruhusu, mimi binafsi ningechagua vidonge vya kutafuna vya kundi la fluralana, afoksolana na sarolana. Bei yake inauma, lakini kimoja hudumu kati ya mwezi mmoja na wiki 12 kutegemea aina, kinaua sarkoptesi pamoja na kupe na viroboto, na kinavumiliwa na mbwa wa aina ya Collie. Wenye historia ya kifafa wasipewe bila daktari kujua, kwani mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kundi hili laweza kusababisha degedege kwa baadhi ya wanyama.

*Assalaam aleikum. Nina paka jike na watoto wake watatu. Wote wanatikisa vichwa na kukuna masikio, na ndani mna uchafu mweusi ambao hata nikiusafisha kwa pamba unarudi. Mama yangu anasema niwatie mafuta ya nazi. Jirani amenipa dawa ya matone iliyobaki ya mbwa wake. Msomaji, Unguja.*

Wa aleikum salaam. Kabla ya neno lolote: ile dawa ya mbwa usiitumie. Matone mengi ya mbwa yana permetrini, na ini la paka halina uwezo wa kuivunja kemikali hiyo. Paka hutetemeka, hupata degedege na wengi hufa. Soma kibandiko, na kama kibandiko kimefutika, itupe.

Uchafu mweusi na mkavu kama unga wa kahawa ndani ya masikio yote mawili ni alama ya wadudu wa masikio, waitwao otodektesi, ambao huwapata zaidi paka wachanga kutoka kwa mama yao. Hawachimbi ngozi, hutembea juu yake ndani ya tundu la sikio wakila nta na magamba. Ukitaka kuwaona, toa uchafu kidogo wa mlango wa sikio kwa pamba, usambaze juu ya kitambaa cheusi, kisha utazame kwa kioo cha kukuzia mahali penye mwanga: vitone vyeupe vinavyotembea ndivyo hivyo.

Mafuta ya nazi yana faida, ila si ile inayodhaniwa. Matone mawili matatu ya mafuta yaliyopashwa joto kidogo hulainisha uchafu ili utoke kwa urahisi unapolikanda sikio kwa nje, na huwaziba pumzi baadhi ya wadudu, lakini mayai hubaki. Usiwatie mafuta kabla daktari hajahakikisha kwamba ngoma ya sikio ni nzima, na vijiti vya pamba visiingizwe ndani, kwa sababu husukuma uchafu chini na kuweza kuitoboa ngoma hiyo. Dawa yenyewe ni matone ya selamektini au ya moksidektini yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, yanayowekwa kwenye ngozi nyuma ya shingo pale paka asipofikia kwa ulimi, kulingana na uzito na umri wa kila mmoja. Paka wote wanne watiwe siku moja na kurudiwa daktari atakavyoelekeza, mara nyingi baada ya mwezi. Kwa paka wa Mji Mkongwe na mitaa kama hiyo, ambako paka wa jirani na wa barabarani hulala ukumbini mwako bila kuomba ruhusa, tarajia kurudia matibabu mara kwa mara, na usione ni ajabu.

Jambo la kuliangalia kwa makini ni magaga yanayoanzia kwenye ncha za masikio na kushuka usoni na shingoni, ngozi ikawa nene na yenye mikunjo. Huyo ni mdudu mwingine, notoedresi, ndugu wa yule wa upele wa mbwa, ambaye huambukiza watu vipele vya muda na kumdhoofisha paka hadi kufa. Hapo usisubiri mwisho wa wiki.

*Mtoto wa mbwa wangu ana miezi mitano. Amenyonyoka manyoya kuzunguka jicho moja na kando ya mdomo, lakini hajikuni na anacheza kama kawaida. Nilipompeleka mahali fulani alidungwa sindano ya kuzuia mwasho, na sasa mabaka yameongezeka. Watoto wangu wako hatarini? Msomaji, Dodoma.*

Watoto wako hawako hatarini. Mabaka yasiyowasha usoni mwa mbwa mchanga mara nyingi ni kazi ya demodeksi, mdudu mrefu mwembamba anayeishi ndani ya vishimo vya vinyweleo. Karibu kila mbwa anaye. Humpata kutoka kwa mama yake katika siku za kwanza za kunyonya, na kinga ya mwili humdhibiti maisha yote. Kwa watoto wa mbwa ambao kinga yao haijakomaa, au waliodhoofishwa na minyoo na lishe duni, mdudu huyo huongezeka. Hawaambukizi binadamu.

Kilichonisikitisha katika barua yako ni ile sindano. Mbwa hakuwa na mwasho wa kuzuiwa, na dawa za aina hiyo kwa kawaida ni steroidi, ambazo hushusha kinga, yaani kitu pekee kilichokuwa kikiwazuia wadudu wasienee. Mabaka machache ya namna hiyo, yakiachwa, kwa wanyama wengi hupona yenyewe katika miezi miwili mitatu mradi mnyama apewe dawa ya minyoo na chakula kizuri. Baada ya sindano hiyo sina uhakika kwamba bado ni ya kuachwa. Mpeleke akakwanguliwe ngozi. Demodeksi, tofauti na sarkoptesi, huonekana kwa hadubini bila taabu kubwa. Ikithibitika kwamba wameenea mwilini, matibabu ni ya miezi, na hayasimamishwi manyoya yanapoota, bali pale makwangulio yanapotoka safi mara mbili, mwezi mmoja baina ya kipimo na kipimo. Mwambie daktari kwamba alidungwa, na kama unaweza kupata jina la dawa hiyo, mpelekee. Mbwa aliyepata ugonjwa huu mwili mzima asizalishwe, kwa sababu udhaifu wa kinga unaouruhusu hurithiwa.

*Sungura wa watoto wangu ana magaga manene ndani ya masikio, yamepangana tabaka juu ya tabaka. Niyabandue? Msomaji, Kiambu.*

Usiyabandue. Chini yake ni kidonda kibichi, na maumivu yake ni makali mno. Hao ni wadudu wa masikio ya sungura, soroptesi, na wakitibiwa kwa sindano au matone atakayoyapima daktari magaga huanguka yenyewe baada ya siku kadhaa. Ukienda dukani peke yako, epuka dawa yoyote yenye fipronili, hata ikiwa jirani anaitumia kwa mbwa wake bila tatizo, kwa kuwa huua sungura.

*Tunalala jirani na banda la kuku. Usiku tunaumwa na vidudu vidogo vyekundu, na mbwa anayelala kibarazani anajikuna pia. Nimemwogesha dawa mara kadhaa bila mafanikio. Msomaji, Tanga.*

Umekuwa ukimwogesha asiye na kosa. Hao ni utitiri wa kuku, ambao hawaishi juu ya mbwa wala juu yenu. Hutoka usiku kunyonya damu, wakageuka wekundu kwa kushiba, kisha hurudi kujificha mchana. Nenda bandani saa mbili baada ya giza kuingia ukiwa na tochi, umulike nyufa za mbao, ncha za fito wanapolala kuku na chini ya viota, nawe utawaona wamejazana. Wanaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo kuwauza kuku hakutawamaliza. Kinyume chake, banda likibaki tupu watakuja kuwatafuta ninyi kwa bidii zaidi.

Toa na uchome majani yote ya viota. Kwangua nyufa, mwagia maji yanayochemka, na zikikauka zipulizie dawa ya mabanda iliyoandikwa kwamba inafaa kwa kuku, ukizingatia siku za kuacha kula mayai zilizotajwa kwenye kibandiko. Rudia baada ya wiki moja, kwa kuwa utitiri hukomaa upesi sana wakati wa joto, kisha paka kuta chokaa na uwawekee kuku majivu makavu ya kuogea. Angalia pia chini ya paa la nyumba: viota vya njiwa na vya mbayuwayu vilivyohamwa huwa na utitiri uleule, na kama chumba chenu kina kiota hapo juu, huenda wanaowauma wanashuka kutoka huko na wala hawatoki bandani.